Uzito wa nguo kwenye gemu za mezani (D&D na wenzake): upigwe hesabu au uachwe?

#1 KeteMbili

Wakuu, salaam.

Meza yetu inacheza D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la tano, vitabu vya 2014, na tumechagua ile kanuni ya hiari ya kulemewa na mzigo. Silaha, posho na sarafu hazina ubishi. Ubishi uko kwenye nguo. Kitabu kinazipa uzito kwenye orodha ya bei, lakini hakitofautishi nguo iliyo mwilini na ile iliyokunjwa ndani ya shanta. Mchawi wetu mwenye alama ya Nguvu 8 anataka kubeba nguo za kifahari kwa ajili ya karamu ya mfalme, na mwendesha mchezo anasema zinamlemea.

Naomba wajuzi mnisaidie mambo haya: nguo aliyovaa mtu ihesabiwe au la? Nguo za baridi je? Zikiloana inakuwaje? Na je, kuna njia ya kuandika haya yote bila kugeuza kila kikao kuwa ukaguzi wa ghala?

Nawasilisha.

#2 Fundi_Karatasi

Tuweke namba kwanza, maana mabishano mengi ya mizigo hutokana na watu wawili kutumia kanuni mbili tofauti bila kujua.

Kanuni ya msingi: mhusika wa kimo cha kawaida au mdogo hubeba alama ya Nguvu mara 15, kwa ratili (yaani pauni, lb). Kusukuma, kuburuta au kunyanyua ni mara 30. Kwa kanuni hii nguo ni kelele tu. Mwenye Nguvu 10 ana ratili 150, na seti ya nguo za safari ni 4.

Kanuni ya hiari, ambayo ndiyo yenu: ukizidi Nguvu mara 5, umelemewa na mwendo unapungua futi 10. Ukizidi Nguvu mara 10, umelemewa vibaya. Mwendo unapungua futi 20, na kila jaribio, shambulio au dadu ya kujiokoa inayotegemea Nguvu, Wepesi au Ustahimilivu unarusha dadu mbili na kubaki na ndogo. Zingatia neno *ukizidi*. Mwenye Nguvu 8 akiwa na ratili 40 kamili bado yuko huru. Adhabu huanza ya 40 ikivukwa.

Na kuna sentensi moja watu huiruka: ukitumia kanuni ya hiari, ile safu ya Nguvu kwenye jedwali la dirii inafutwa. Dirii ya minyororo inadai Nguvu 13 na ya mabamba inadai 15, ila madai hayo ni ya wanaotumia kanuni ya msingi. Ukiyaweka yote mawili unamtoza mtu ushuru mara mbili kwa mzigo uleule.

Nguo zenyewe, kwa ratili: za kawaida 3, za safari 4, za maigizo 4, joho 4, za kifahari 6. Angalia bei pia. Nguo za kifahari ni dhahabu 15 na ndizo nzito kuliko zote. Ni kama waandishi walitaka uigharimie karamu mara mbili, mfukoni na mgongoni.

Kwa hiyo kwa maandishi yalivyo, mwendesha mchezo wenu hajakosea. Kama hiyo ndiyo njia nzuri ya kucheza, hilo ni swali jingine.

#3 Bi_Salio

Mkuu KeteMbili, tatizo lenu si nguo. Mnajumlisha kutoka sifuri kwenda juu wakati mngepaswa kushuka kutoka kwenye kikomo.

Usiandike "nimebeba ratili 38". Andika "salio 2". Kila mhusika awe na namba moja tu kubwa juu ya karatasi: ratili zilizobaki kabla ya kuvuka mstari unaofuata. Ukiokota kitu unakata, ukila posho unaongeza 2. Mtu anayejua salio lake haulizi kama nguo zinahesabiwa, anaona mwenyewe kama zinamgusa.

Tumchukue mchawi wenu. Kikomo chake cha kwanza ni 40.

Fimbo 4, kitabu cha uchawi 3, mkoba wa viungo vya uchawi 2, shanta 5, matandiko 7, kiriba kilichojaa 5, posho ya siku nne 8, nguo za safari mwilini 4. Jumla 38, salio 2.

Akiongeza nguo za kifahari anafika 44. Amevuka kwa 4, mwendo wake umetoka futi 30 hadi 20. Sasa ana njia kadhaa, na hapa ndipo mchezo ulipo:

Aache posho ya siku mbili, arudi 40 kamili, hajalemewa. Au avae za kifahari na kuacha za safari nyumbani, afike 40 vilevile, ila atembee porini na hariri. Au ampe mpiganaji amshikie. Au aache matandiko na alale chini, jambo ambalo mwendesha mchezo mwenye akili hataliacha lipite bure.

Huo ni uamuzi mzuri kutoka kwenye ratili 6 za nguo. Kwa mchawi, uzito wa nguo unafanya kazi. Kwa mpiganaji mwenye Nguvu 18 haufanyi lolote, na yeye hana haja ya kuuandika.

#4 MlinziWaNgome

Napingana nanyi wote wawili.

Nguo iliyo mwilini ihesabiwe sifuri, basi. Mwili umeizoea, uzito umesambaa mabegani na kiunoni, hakuna mtu anayetembea polepole kwa sababu amevaa shati na suruali. Wabunifu wengi walishaliona hili. Angalia D&D ya 1981, ile ya vijitabu viwili. Uzito ulipimwa kwa sarafu, sarafu 10 kwa ratili, na vifaa vyote vidogovidogo vilifungwa kwenye namba moja ya sarafu 80. Ukishaandika 80 umemaliza, unashughulika na dirii, silaha na hazina. Hadi sarafu 400 mwendo ni futi 120 kwa zamu ya uchunguzi, hadi 600 ni 90, hadi 800 ni 60, hadi 1,600 ni 30, zaidi ya hapo husogei. Meza nzima inapiga hesabu hiyo kwa dakika mbili.

Pathfinder toleo la pili, gemu nyingine ya aina hii, nalo limeachana na ratili kabisa. Lina balki, kizio cha uzito na ukubwa wa kitu kwa pamoja. Unabeba hadi 5 jumlisha nyongeza yako ya Nguvu bila shida, na kikomo cha mwisho ni 10 jumlisha nyongeza hiyo. Nguo za kawaida hazina uzito wowote. Za safari, za kifahari na za baridi ni vitu vyepesi, na vyepesi kumi ndivyo hufanya balki 1.

Sioni sababu ya kurudi kwenye ratili 3 za shati.

#5 Bi_Salio

Ndugu Mlinzi, hiyo balki uliyoitaja ina tundu lake. Vyepesi tisa ni sifuri. Mtu anaweza kubeba seti tisa za nguo za kifahari na karatasi ikasema hana mzigo, kisha akaokota kisu kimoja na ghafla ana balki 1. Kwa nguo nyingi mfumo huo hauna jibu. Mwendesha mchezo anaishia kuweka kikomo cha mdomo tu.

Ila hoja yako ya mwilini nitaijibu kwa namba, na safari hii tumchukue mpiganaji, huyohuyo ambaye mtu angedhani nguo hazimhusu.

Nguvu 16. Vikomo vyake ni 80, 160 na 240. Ana dirii ya minyororo 55, ngao 6, upanga mrefu 3, upinde mwepesi wa mtambo 5, mishale yake ishirini 1.5, nguo za safari 4, na furushi la mpelelezi (shanta na vifaa vya safari vinavyouzwa pamoja) 59. Jumla 133.5. Amelemewa, mwendo futi 20.

Vita vikianza anafanya nini? Anatupa shanta chini na kila kilichofungwa juu yake. Ratili 59 zinaondoka, anabaki na 74.5. Yuko chini ya 80, mwendo umerudi 30. Kila mpiganaji anayejua kanuni hii hufanya hivyo.

Sasa mpeleke milimani kwenye theluji. Toleo la tano halina uzito wa nguo za baridi kwenye orodha yake ya msingi, kwa hiyo wengi huazima wa toleo la 3.5, ratili 7. Akiivaa juu ya nguo zake, hata baada ya kutupa shanta ana 81.5. Amevuka kwa ratili moja na nusu. Mwendo 20 vita nzima.

Ukisema cha mwilini ni sifuri, umefuta uamuzi huo: aache upinde na mishale (6.5) na abaki mwepesi, au aendelee kuwa na silaha ya mbali na awe mzito? Vitu vya mwilini ndivyo pekee ambavyo huwezi kuvitupa kwa haraka. Dirii nzito huvuliwa kwa dakika 5 na kuvaliwa kwa dakika 10, ya kati ni dakika 1 kuvua na 5 kuvaa. Uzito usioweza kuutupa ndio wa kuogopa.

#6 mtu_wa_pembeni

Niko kwenye jukwaa la watazamaji. Endeleeni.

#7 Fundi_Karatasi

Nadhani mnaweza kukutana katikati, na hivi ndivyo meza nyingi zinavyofanya bila kuandika popote:

Seti moja ya nguo za kawaida au za safari, iliyovaliwa, ni sifuri. Kila kinachovaliwa *juu* ya seti hiyo kinahesabiwa kamili: joho, koti la manyoya, mavazi ya ibada yaliyovaliwa juu ya nguo nyingine. Kila kilichokunjwa kinahesabiwa kamili. Nguo za kifahari zinahesabiwa kila wakati, ziwe mwilini au mfukoni, kwa sababu hazijakusudiwa safari.

Kwa hesabu ya Bi_Salio, mpiganaji anaanza na 70.5 baada ya kutupa shanta, akivaa la baridi ni 77.5. Yuko salama, lakini salio lake ni 2.5 tu. Akiokota pochi ya sarafu 200 (sarafu 50 ni ratili 1, hivyo 4) amevuka. Uamuzi haujafutwa, umesogezwa mbele kidogo tu.

Kuna jambo jingine ambalo hamjaligusa, nalo ndilo hubana nguo kuliko uzito. Ni nafasi. Shanta ya kitabuni inabeba ratili 30 au futi moja ya ujazo. Fungua furushi la mpelelezi: vyombo vya kulia 1, vifaa vya kuwashia moto 1, mienge kumi 10, posho ya siku kumi 20. Hiyo ni 32. Matandiko, kamba ya katani ya futi 50 na kiriba vimeshafungwa nje, na bado kilichomo ndani kimezidi uwezo wa shanta kwa ratili 2. Furushi linalouzwa kama seti kamili halitoshi ndani ya begi lake lenyewe!

Maana yake, mhusika aliyetoka dukani leo hana pa kuweka hata soksi. Mienge miwili lazima iende mkandani, na nguo za kubadilisha zinahitaji gunia (ratili nusu, nalo linabeba 30) ambalo litakula mkono mmoja. Mwendesha mchezo akiuliza "nguo zako ziko wapi?" badala ya "zina uzito gani?", ubishi wa ratili huisha wenyewe.

#8 KeteMbili

Hii ya furushi kutotosha kwenye shanta sikuwahi kuiona popote. Asante mkuu.

Swali dogo. Wawili mezani wanafikiri kwa kilo. Tunageuza kwa 0.45 halafu tunapata namba za ajabuajabu.

#9 Bi_Salio

Msitumie 0.45. Tumieni nusu kilo kwa ratili moja, kwa kila kitu, vikomo na vitu pamoja. Ndivyo yanavyofanya matoleo ya Ulaya yanayotumia kilo, na mita moja na nusu kwa futi 5. Vikomo vinakuwa Nguvu mara 2.5, mara 5 na mara 7.5. Adhabu ya futi 10 ni mita 3. Sarafu 100 ni kilo moja, hesabu ya kichwani kabisa.

Kinachoharibu ni kuchanganya. Mtu anageuza vikomo kwa nusu kisha vitu vyake kwa 0.4536 kwa sababu amevitafuta kwenye kikokotoo cha simu. Yule mpiganaji wa ratili 133.5 anatoka kilo 66.75 hadi karibu 60.6. Amejipatia kilo 6 na ushee za bure, zaidi ya uzito wa dhahabu 600. Chagueni namba moja na muiandike juu ya karatasi.

#10 Nahodha_wa_Kusi

Mmezungumzia theluji, na joto mmeliacha. Huko ndiko nguo zina kanuni ya wazi zaidi.

Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unasema joto likifika nyuzi 100 za Fahrenheit (karibu 38 za Selsiasi) na mhusika hana maji ya kunywa, kila saa anarusha dadu ya kujiokoa ya Ustahimilivu. Kiwango cha kufikia ni 5 saa ya kwanza, kisha kinapanda 1 kila saa. Akishindwa anapata ngazi moja ya uchovu. Aliyevaa dirii ya kati au nzito, *au nguo nzito*, anarusha mbili na kuchukua ndogo. Upande wa baridi, kuanzia sifuri ya Fahrenheit kushuka (kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi), kiwango ni 10 kila saa, na aliyevaa koti nene, glavu na mengine ya baridi anafaulu bila kurusha.

Kwa hiyo nguo ya baridi ni kinga kamili kaskazini na ni adhabu jangwani. Kundi linalovuka kutoka mlimani kwenda jangwani lazima lichague: livue na kubeba ratili 7 kila mmoja, au lizitupe na kuombea lisirudi njia ileile.

Na maji yataimeza hiyo hesabu yote. Mtu anahitaji galoni moja kwa siku, mbili kukiwa na joto. Kiriba kinabeba nusu galoni na kikijaa ni ratili 5. Siku moja ya jangwani ni viriba vinne, ratili 20. Siku tatu ni 60. Ukiona kundi linabishana juu ya joho la ratili 4 huku limeandika "maji: yapo" kwenye karatasi, ujue linabishana mahali pasipo na shida.

#11 MlinziWaNgome

Sawa, hiyo ya joto nimeikubali. Na kuloana je? Mtu akianguka mtoni.

#12 Nahodha_wa_Kusi

Vitabu vya msingi havina kanuni. Pendekezo ambalo ni jepesi kuendesha:

Kitambaa chochote kilichozama kinahesabiwa mara mbili, pamoja na seti ya mwilini ambayo kwa kawaida ni sifuri (tumia uzito wake wa kitabu mara mbili). Matandiko yanaingia humo, na watu huyasahau. Chuma na ngozi haviguswi. Yakikamuliwa na kuanikwa karibu na moto katika mapumziko marefu, uzito unarudi. Nguo ya baridi iliyoloana haifanyi kazi ya kinga hadi ikauke.

Mjaribu kwenye mchawi wa ratili 38. Nguo 4 zinakuwa 8, matandiko 7 yanakuwa 14. Amefika 49, amelemewa, na yuko ng'ambo ya mto ambako ndiko goblini walipo. Ni hesabu mbili tu.

Kosa la kawaida ni kuitumia kila mvua inaponyesha. Usifanye hivyo. Mvua ya kawaida iwe maelezo tu. Kanuni iamke mtu akizama, au akikaa mvuani siku nzima bila joho. Joho lipewe kazi yake: aliyelivaa, linaloa lenyewe tu.

Wanaocheza GURPS, mfumo mwingine wa gemu hizi, wana bahati, kwao uzito umeshafungwa kwenye kuogelea. Kiasi cha kubeba bila mzigo ni Nguvu mara Nguvu gawanya kwa 5. Mwenye 10 ana ratili 20, mwenye 8 ana kama 13. Kila ngazi ya mzigo inakata 1 kwenye kukwepa, na jaribio la kuogelea linakatwa mara mbili ya ngazi hiyo. Seti ya kawaida huko ni ratili 2, ya baridi 4. Kwa mtu wa ratili 13, koti la 4 ni karibu theluthi ya nafasi yake. Hapo nguo si ya kupuuzwa hata kidogo.

#13 Fundi_Karatasi

Kwa wanaotaka jedwali la kompyuta, hili linatosha kundi zima:

Safu A jina la kitu, B idadi, C uzito wa kimoja, D mahali, E jumla ya mstari (=B2*C2, uiburute hadi chini). Mahali pawe na majina manne tu: mwili, shanta, mkono, baghala. Kisha pembeni:

=SUMIF(D:D,"mwili",E:E)
=SUMIF(D:D,"shanta",E:E)
=SUMIF(D:D,"mkono",E:E)

Jumlisha hizo tatu, toa kwenye Nguvu mara 5. Hilo ndilo salio la Bi_Salio. Seli ya pili ihesabu bila shanta, ndiyo namba ya vitani. Hizo mbili zinatosha, usiweke grafu.

Yanayoharibika:

Mtu anaandika "shanta" na nafasi tupu mwishoni. Kwa macho ni ileile, kwa jedwali ni neno jingine, na mstari mzima unatoweka kwenye hesabu bila onyo. Weka orodha ya kuchagua kwenye safu D ili asiandike kwa mkono.

Kompyuta zilizowekwa lugha ya Ulaya ya bara hutaka 1,5 badala ya 1.5, na nukta-mkato kati ya vipengele vya fomula. Ukiona 1.5 imekaa upande wa kushoto wa seli, imesomwa kama maandishi na haijumlishwi.

Sarafu husahaulika. Weka mstari wake wa kudumu: idadi, uzito 0.02.

Nguo ya mwilini isifutwe. Iandike na uzito 0, na uzito wa kitabu kwenye safu F. Siku ya mto utaihitaji.

Wanaotumia Foundry au Roll20, programu zinajumlisha zenyewe, ila hazijui makubaliano yenu ya seti ya mwilini. Badilisheni uzito wa kitu hicho kimoja kwa mkono kwenye karatasi ya kila mhusika.

#14 KeteMbili

Hapo kwenye baghala. Tuna mmoja, na watu wanamrundikia nguo zote.

#15 Bi_Salio

Baghala wa kitabuni anabeba ratili 420, kwa hiyo atazibeba. Mpunguzie mambo mengine: haingii kwenye mapango yenye ngazi, anahitaji chakula, na ndiye wa kwanza kukimbia au kuliwa. Kila kilicho juu yake kipo *nje* ya jumba la chini ya ardhi. Anayetaka kubadilisha nguo katikati ya jumba hana nguo, kwisha.

Vivyo hivyo kwa ule mfuko wa kichawi unaobeba hadi ratili 500. Wenyewe ni ratili 15 daima, kwa hiyo kwa mchawi wa Nguvu 8 umekula zaidi ya theluthi ya kikomo chake hata ukiwa mtupu. Na ukichanika, vyote vilivyomo vinapotea.

#16 Nahodha_wa_Kusi

Niongeze kitu kwa wanaoendesha mchezo wa pwani yetu, misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara. Huko nguo si vazi tu. Vitambaa vilikuwa ndiyo pesa, pamoja na shanga na nyaya. Merikani, kaniki na vitambaa vya rangi vilipimwa kwa shuka ya yadi 2 na doti ya yadi 4, na hongo kwa mtemi ililipwa kwa doti. Kwa hiyo hazina yote ya kundi ni uzito wa nguo.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni karibu ratili 35 (kilo 16). Tumia hiyo kama kizio cha msafara, ratili ibaki kwa wahusika wenyewe:

Mpagazi mmoja, frasila 2. Punda na baghala, fuata kitabu: 420 inagawanyika sawasawa kuwa frasila 12. Doti moja, kwa mchezo, ratili 1. Basi mzigo mmoja wa kitambaa ni doti 70.

Mpagazi wa Nguvu 10 akibeba ratili 70 ameshavuka 50, mwendo ni futi 20 badala ya 30. Kundi zima linakwenda kwa mwendo wake, wahusika wawe wepesi namna gani. Ongeza mkeka, sufuria na posho yake mwenyewe na utaona kwa nini hawezi kuongezewa hata ratili 30 bila kuvuka 100 ya kulemewa vibaya.

Uzuri wake ni kwamba kila hongo inapunguza mzigo. Msafara unaoanza na mizigo kumi ya kitambaa (doti 700) unakuwa mwepesi kadiri unavyofilisika, na wapagazi waliobaki mikono mitupu ndio watabeba pembe wakati wa kurudi. Weka jedwali moja la msafara, safu tatu: mizigo ya kitambaa, ya chakula, isiyo na kitu. Chakula kinashuka kila siku, kitambaa kila kijiji. Usimfuatilie mpagazi mmojammoja.

Mvua za masika nazo zina meno hapa. Mzigo wa kitambaa uliozama mtoni, kwa ile kanuni ya mara mbili, ni ratili 140 na hakuna mtu wa Nguvu 10 atakayetembea nao vizuri. Siku nzima ya kuanika, au mzigo ugawanywe kwa wawili.

#17 MlinziWaNgome

Hii ya doti naichukua kama ilivyo. Na kwa wanaocheza mifumo inayohesabu nafasi za vitu badala ya uzito (Cairn yenye nafasi 10, Shadowdark yenye nafasi sawa na Nguvu au 10, ipi kubwa), nguo ziwekwe hivi: seti ya mwilini haina nafasi, seti ya kubadilisha nafasi 1, koti la baridi nafasi 1 hata likiwa mwilini, nguo za kifahari nafasi 1 na zisikunjwe na kitu chenye ncha. Kwenye Cairn kuwa makini, maana nafasi zote 10 zikijaa kinga yako inashuka hadi sifuri. Koti moja linaweza kukufikisha hapo.

#18 KeteMbili

Tumekubaliana mezani: seti ya mwilini sifuri, cha juu yake kamili, kifahari kamili daima, nusu kilo kwa ratili. Mchawi ameacha posho ya siku mbili.

Limebaki swali moja. Mbilikimo wetu mwenye dirii nzito anasema mwendo wake haupunguzwi.

#19 Fundi_Karatasi

Sifa yake inasema mwendo haupunguzwi na *kuvaa dirii nzito*. Haisemi lolote kuhusu kulemewa. Akivuka Nguvu mara 5, futi 10 zinaondoka kwenye 25 zake kama mtu mwingine yeyote, anabaki na 15. Meza nyingine huona hilo kali na kumtolea uzito wa dirii kwenye hesabu ya mwendo. Mkifanya hivyo, toeni dirii peke yake. Asijaribu kuingiza koti la manyoya humo.